Usiwakaririshe, kaka

Ngarenaro, Arusha
Jumapili jioni

Kwako kaka Fredi,

Habari za Moshi? Shemeji na watoto hawajambo? Huku sote wazima, baridi tu ndiyo imetukalia. Mama Nai anakusalimu sana na anauliza habari za lile kapu lake. Nisamehe kwa kimya cha muda mrefu, na unisamehe pia kwa kuingia kwenye jambo moja kwa moja.

Elia, mwendesha biti wenu, ameniambia kwamba katika igizo lenu la mwisho wa mwezi, lile la vijana kuchana mitindo huru, yaani kurap kwa kutunga papo hapo, kila kijana atakariri mistari 16 nyumbani, kisha watazamaji wakitoa neno, atalichomeka humo katikati. Kaka, usikubali. Najua unachokiogopa: kijana akwame mbele ya ukumbi uliojaa. Lakini kukariri ndiko kutakakomkwamisha. Neno likija "ndizi" na mistari yake inahusu mapenzi, ndizi itakaa pale kama kiraka cha rangi nyingine, na watu watakijua. Wakishajua, hata kile alichokitunga papo hapo hawatakiamini tena.

Tena kichwani ni kazi mbili tofauti. Mwaka 2012 watafiti wa Marekani waliwaweka wachanaji 12 kwenye mashine ya kupiga picha za ubongo, wakachana mitindo huru, kisha mistari waliyoikariri, kwa biti ileile, yaani mdundo uleule. Kwenye mitindo huru, sehemu ya mbele ya ubongo iliyo katikati ilichangamka, na ile ya pembeni, ambayo hutusaidia kujisimamia na kujikagua, ikatulia. Sasa kijana anayekumbuka huku anatunga, mimi naona unamvuta kamba pande zote mbili.

Cha kuwafundisha ni kuanzia mwisho. Neno likitoka, asikimbilie kulisema kwenye mstari wa kwanza, maana akishalitaja hana tena pa kwenda. Aliweke mwisho wa mstari wa pili, halafu atafute mwenzake wa kina, yaani neno linaloishia kwa sauti ileile, wa kufungia mstari wa kwanza. Ndizi ina ndugu wengi: usingizi, mizizi, hirizi, mkimbizi, kizuizi. Anachagua mmoja, anarudi nyuma kuujengea njia:

Toka jana dereva hajapata usingizi,
lori limekwama Himo na limejaa ndizi.

Ukumbi unalisubiri neno lao, na linapotua mahali pake watashangilia wenyewe. Hapo kuna dereva, kuna Himo, kuna shida. Igizo limeshaanza.

Kuhusu vina, uwe mkali. Kiswahili kinadanganya, maana maneno yetu karibu yote yanaishia na irabu, na kijana anaweza kumaliza usiku mzima kwa sokoni, nyumbani, mjini akidhani ana vina. Hiyo ni "ni" tu. Sauti yetu inakazwa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na sikio linashika kuanzia pale. Kwa hiyo simu iende na elimu, muhimu, msimu, wazimu. Vilevile asifungie mistari kwa viambishi vya vitenzi, imepikwa, imewekwa, imeshikwa. Mara moja inapita, mara ya tatu watu wanaanza kuangalia simu zao.

Biti isizidi mapigo 90 kwa dakika kwa hawa wanaoanza. Mstari mmoja ni mapigo manne, yaani kama sekunde 2.7. Ukipandisha hadi 110, unabaki na sekunde 2.2, na nusu sekunde hiyo ndiyo kichwa kilikuwa kinaitumia kutafuta kina. Mstari wa shairi la kawaida una mizani 16, yaani silabi 16, na unaenea kwenye mapigo manne ukigawa kila pigo mara nne, lakini hauachi pa kuvutia pumzi. Waambie walenge silabi 12 hadi 15. Kijana anayejaza kila nafasi, mstari wa tano sauti inakauka na maneno yanaanza kumezwa.

Muda wa kufikiri unapatikana kwa wenzake. Anayepokea neno alirudie kwa sauti mara mbili, kwanza ili ahakikishe amesikia sawa, pili ili apate nafasi. Kisha kundi liimbe kiitikio cha mistari minne, hapo keshapata kama sekunde 11 bila mtu yeyote kuona anasubiri. Hapa Arusha tuna bahati, unakumbuka kundi la rap la X Plastaz walivyochanganya mistari na uimbaji wa Kimaasai. Kwenye uimbaji ule mmoja anaongoza na wengine wanashikilia mdundo chini kwa koo. Wafundisheni hivyo na umeme ukikatika hamtatetereka.

Halafu kusikiliza. Hapa ndipo ningekuwa nasimama nyuma yao kila siku. Mchanaji wa mtaani anajisifu, na anaruhusiwa. Wa kwenye igizo ni mtu fulani, yuko mahali fulani, anataka kitu. Mwenzake akisema yeye ni konda, basi yeye ni abiria au trafiki, asiruke kuanza kujitaja jina lake la kisanii. Na kitu kilichotajwa dakika kumi zilizopita akikirudisha kwenye kina, ukumbi utalipuka kuliko kwa neno gumu lolote. Kundi la Freestyle Love Supreme la New York, lililoanza mwaka 2004 na kufika Broadway, kwenye kumbi kubwa za maigizo za huko, mwaka 2019, linaliendesha onyesho zima kwa maneno ya watazamaji. Wale ni hodari wa kuchana, lakini kinachowabeba ni masikio.

Mazoezi: duara la watu sita. Wa kwanza anatoa mstari, wa pili anaufungia kina kisha anatoa mstari mpya, na unaendelea hivyo. Anayekosa kina asisimame, aseme chochote chenye maana ndani ya mapigo, biti iendelee. Hilo ndilo la kuwazoesha hasa, maana kinachoharibu onyesho ni kunyamaza na kuomba radhi. Kabla ya duara, kila mmoja ataje anachokiona chumbani kwa dakika tano juu ya biti, bila vina. Wiki mbili, nusu saa kila siku, utaona tofauti.

Usiwaombe watazamaji "neno lolote", utaletewa matusi au Simba na Yanga. Uliza kitu kinachokuudhi asubuhi, au kitu kilichomo kwenye mkoba wako. Na maiki isizibwe kichwa kwa kiganja, maneno yanafifia na spika inaanza kupiga mluzi.

Sasa niambie. Wapo wangapi? Jukwaani kuna spika inayowaelekea wao? Zikiwa zote nyuma ya ukumbi, mita 15 hivi, biti itawafikia imechelewa na watakuwa nyuma ya mapigo bila kujua kwa nini. Yule binti wa Pasua anayepiga biti kwa mdomo bado yupo? Elia anaweza kuikata biti pale neno linapotua, au tumtafutie ishara ya mkono? Hiyo mistari 16 wameshaanza kuikariri, au bado tumewahi? Nikipanda basi la asubuhi Jumamosi nitawakuta mazoezini? Na kapu la Mama Nai nilichukue siku hiyohiyo?

Wako,
Rehema