Wazazi waelezwe mapema namna mtoto atakavyotulizwa kwa daktari wa meno

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nieleze jambo ambalo sisi tunaotibu meno ya watoto hupenda kulikwepa: mzazi anapolalamika kwamba mwanawe ameshikwa kwa nguvu, mara nyingi hatukuwa tumemweleza lolote, bali tulimpa fomu moja atie saini tukaona imetosha.

Njia za kumtuliza mtoto ni nyingi, na wazazi hawazipokei zote sawasawa. Ile ya kumweleza, kumwonyesha kisha ndipo kutenda, aliyoieneza daktari wa meno Addelston mwaka 1959, haina ubishi: mtoto hupuliziwa hewa kwenye ukucha, brashi inayozunguka humgusa kidole, akauzoea mlio wake, ndipo iingie kinywani. Gesi ya kutuliza nayo wengi huikubali. Kinachowachoma ni kuona mwana akibanwa mikono na miguu, au akifungwa kwenye ubao maalumu, na hapo nawaelewa kabisa. Zamani hata kumziba mtoto mdomo kwa kiganja ili anyamaze kulifundishwa. Chama cha madaktari wa meno ya watoto cha Marekani kiliiondoa njia hiyo katika miongozo yake mwaka 2006, na kwa maoni yangu kilichelewa.

Hata hivyo, msimamo wa mzazi hubadilika. Yuleyule aliyekataa mwanawe ashikwe kwa ajili ya kuziba tundu dogo huomba mwenyewe ashikwe pale shavu linapovimba na mtoto amekesha akilia. Ndiyo maana ridhaa ya jumla haifai. Mzazi aulizwe kuhusu kila njia siku ya uchunguzi, kabla maumivu hayajamlazimisha, aambiwe hatari za nusukaputi, yaani kumlaza mtoto usingizi kwa dawa, na pia hatari ya kuliacha jino bila tiba, kwa kuwa usaha kwenye jino la utoto waweza kulidhuru jino la ukubwani linaloota chini yake.

Wazazi nao wasimtishe mtoto kwamba akikorofisha atachomwa sindano, wala wasimwapie kwamba hatasikia chochote. Inatosha kumwambia kwamba daktari atamtazama meno na kumweleza kila anachofanya.

Ninachowaomba wenzangu ni fomu inayotaja kila njia peke yake, yenye nafasi ya mzazi kuandika “hapana”, na uhuru wa kulibadili jibu hilo hata mtoto akiwa tayari kitini.

Wako,
Daktari wa meno ya watoto