Kabla ya JB, jifunze kusimama

Mwanangu mpenzi,

Ujumbe wako nimeupata na picha ya viatu nimeiona. Umefanya vyema kuchukua vya magurudumu manne, mawili mbele na mawili nyuma. Vile vya mstari mmoja waachie wanaokimbia barabarani. Unasema Jumamosi wenzako wanakupeleka The Rink, ule ukumbi wa kuteleza kwa viatu vya magurudumu kule mtaa wa 87 kusini mwa Chicago, na unataka kucheza JB kama wenyeji. Basi umechagua mtindo unaoonyesha upesi nani kajifunza na nani karuka darasa.

JB ni herufi za James Brown. Muziki wake ndio uliouzaa mtindo huo hapo hapo Chicago, na madijei wa viwanja vya huko wana matoleo yao ya nyimbo zake, yenye mdundo uliokatwakatwa ili miguu ipate pa kujibu. Utaona mtu miguu inapishana kama mkasi, inaingia na kutoka, ilhali kichwa na mabega vimetulia kana kwamba anaongea na jirani. Kila mji wa Wamarekani Weusi una wake. Philadelphia na New Jersey wanakwenda kinyumenyume kwa kasi ya kutisha, Detroit wanapenda kuteleza, St. Louis wanacheza wawili wawili kwa utaratibu wa dansi ya ukumbini. Wenyeji hutambua mtu katoka wapi kwa kumtazama dakika moja tu. Na jambo hili wanalichukulia kwa uzito kuliko unavyodhani, maana zamani viwanja vingi viliwafungia mlango au viliwapa usiku mmoja tu kwa wiki. Mwaka 1963 Ledger Smith alitoka Chicago kwa viatu vya magurudumu mpaka Washington, karibu maili 700, ili ahudhurie yale maandamano makubwa ya haki za raia, kifuani amevaa utepe ulioandikwa neno la uhuru. Kwa hiyo ukiwakuta wazee wa miaka sabini wanazunguka, wapishe kwa adabu.

Sasa viatu. Vigeuze chini juu. Kwenye kila ekseli utaona raba mbili za duara zimebanwa na nati kubwa. Hizo raba ndizo usukani wako: ukiegemea kushoto zinabonyea, ekseli inageuka, nawe unakata kona bila kunyanyua mguu. James Plimpton wa New York ndiye aliyeandikisha ufundi huo mwaka 1863. Kabla yake viatu vilikwenda moja kwa moja tu. Viatu vipya mara nyingi huja raba zimekazwa mno, na wewe ni mwepesi, hazitakuitikia. Simama juu ya zulia, egemea upande mmoja, mwenzako atazame chini. Ekseli isiposogea kabisa, legeza nati robo mzunguko ujaribu tena. Robo, mama, usizungushe nzima. Ukizidisha, kiatu kitayumba, na ukishika kasi kitaanza kutetemeka kama toroli ya supamaketi. Viatu vyote viwili viwe sawasawa; kimoja kigumu na kimoja laini ni sawa na kutembea huku mguu mmoja umekufa ganzi.

Nati ndogo ya gurudumu ni ya nusu inchi, na spana namba 13 huikamata. Kaza mpaka gurudumu ligome, kisha rudisha kidogo kidogo hadi lizunguke kwa uhuru, na ukilishika kwa vidole likacheza kidogo sana kulia na kushoto. Likibaki limebana, beringi zinaumia na wewe unasukuma bure. Ndani ya nati kuna pete ya plastiki inayoizuia isifunguke; ukiona nati inazunguka kwa vidole vitupu, pete imekwisha, nati hiyo itupe. Beringi ni kumi na sita, mbili kwa kila gurudumu. Ukienda kununua nyingine, ujue kwanza unene wa ekseli: ya milimita 8 inachukua beringi ya 608, ya milimita 7 inachukua 627. Kwa nje zote zina kipenyo cha milimita 22, kwa hiyo 608 itaingia kwenye gurudumu bila ubishi, kisha itacheza kwenye ekseli nyembamba na wewe usijue mtetemo unatoka wapi. Maji ni adui wa beringi. Na ile dawa ya kupuliza ya kulegeza kutu usiitumie kama oili, inaosha oili iliyomo.

Magurudumu yenyewe yana namba ya ugumu inayoishia na herufi A. Ya 78A ni laini, ya nje kwenye lami. Kwenye sakafu ya mbao yatakushika kama ulimbo. Wachezaji wa ndani hutumia 95A kwenda juu, ili mguu uteleze unapotaka uteleze. Wewe anza na 95A. Yale magumu zaidi yanateleza vizuri mno, na asiyejua kusimama yatamtelezesha hadi ukutani.

Kwenye kuvaa, kamba zilegee kidogo vidoleni na zibane kwenye kifundo cha mguu. Kidole gumba kiguse mbele bila kukunjika. Ncha za kamba zinazobaki zichomeke ndani ya kiatu, maana kamba ikiingia chini ya gurudumu mguu unasimama ghafla na mwili unaendelea na safari.

Kuanguka utaanguka. Wengi huumia kwa kunyoosha mkono kuizuia sakafu: uzito wote unashukia kiganja, na mfupa wa mkono unavunjika juu kidogo ya kiganja. Ndiyo maana nataka vikinga vya viganja, vile vyenye ubao mgumu ndani, kabla hata ya pedi za magoti. Helmeti nayo uivae, hata kama wenzako hawana. Mkae wote mkijua nani ana mama. Ukihisi unakwenda, chuchumaa kwanza, maana anayeanguka kutoka chini haumii kama anayeanguka kutoka juu. Angukia pembeni kwenye nyama ya tako, kamwe usikae chini wima, kifandugu hakina nyama ya kukisaidia. Vidole vikunje ngumi, kuna magurudumu ya wenzako yanakuja nyuma. Kunyanyuka: piga magoti, simamisha mguu mmoja, weka mikono miwili juu ya goti hilo, jisukume. Usimshike mtu anayepita. Na ukiangukia mkono, kisha ukasikia maumivu kwenye kile kishimo chini ya kidole gumba, usidanganywe na uvimbe mdogo. Nenda hospitali, uwaeleze ni hapo hasa, kwa sababu ufa wa mfupa ule mara nyingine hauonekani kwenye picha ya siku ya kwanza.

Kusimama kwa herufi T, yaani kuzuia mwendo kwa miguu iliyokaa kama T, ndiko nitakakokuuliza kwanza. Uzito wote uwe mguu wa mbele, goti limekunjwa. Mguu wa nyuma uuweke kwa kukingama, kisigino cha mbele kielekee katikati yake, magurudumu manne yote yaguse sakafu, kisha uburute polepole. Wanaokosea hukanyagia mguu wa nyuma kwa nguvu, au huburuta magurudumu mawili ya ndani tu. Hapo mwili unazunguka, nao wanadhani kiatu kibovu. Ile raba ya breki iliyo mbele ya kiatu ni ya kuburuta nayo taratibu, usiipigize chini ukiwa kwenye kasi. Wacheza JB wengi huiondoa na kuweka kizibo kifupi, isije ikakwaa miguu inapopishana. Wewe iache mpaka T yako isimame ndani ya hatua tatu za kawaida.

Kona utazikata kwa kupishanisha miguu. Msafara wa wachezaji kwa kawaida huzunguka kinyume na saa, kwa hiyo unakwenda kushoto daima: mguu wa kulia unapita mbele ya wa kushoto, na wa kushoto unasukuma kwa chini ukitokea nyuma. Usiunyanyue wa kulia kama unaruka mtaro. Upitishe chini chini na uushushe magurudumu yote kwa pamoja. Ikitangulia ncha ya kiatu, breki inashika mbao na uso unafuata.

Hatua za JB zenyewe zianzie nyumbani, kwa viatu vya kawaida, wimbo ukiwa chini. Hesabu moja hadi nane huku magoti yamekunjwa, miguu ikiingia na kutoka, hadi uweze kuongea na simu bila kupoteza hesabu. Kisha vaa magurudumu usimame kwenye zulia, kwa sababu zulia halitelezi na utaona ni mguu gani unachelewa. Kisha ndio mbao, tena polepole, katikati ya uwanja ambako wanaojifunza hatua huachiwa nafasi. Ukiona mgongo umenyooka kama mlingoti, jua magoti yamesahau kazi, na kosa la mguu litakuja hatua mbili mbele.

Kuingia uwanjani subiri nafasi kama anayeingia barabara kuu. Walio ndani wana haki. Ukitaka kutoka usikate katikati ya msafara, sogea nje kidogo kidogo huku ukienda. Usisimame ukutani kufunga kamba, toka kabisa. Simu mfukoni, pipi ya kutafuna nje. Wasimamizi wenye filimbi wakitangaza zamu ya wawili wawili au ya kinyumenyume na hujui, kaa kitini utazame, hapo utajifunza zaidi ya video kumi.

Ukirudi, toa soli za ndani, acha viatu wazi vikauke. Usivifungie kwenye begi na jasho. Na kabla ya Jumamosi nirekodie video mbili: moja ukiwa juu ya zulia unaegemea kushoto na kulia, nione ekseli, na nyingine ukisimama kwa T. Hiyo ya pili iwe ya mguu wa kulia na wa kushoto. Usinitumie ya mguu unaoupenda peke yake.

Mama yako