Mifumo ya simu itengemae kwanza

Mhariri,

Kila mwaka Apple na Google hutoa matoleo mapya ya iOS na Android, mifumo inayoendesha simu zetu, nasi hushangilia madoido. Kwa maoni yangu, uthabiti ndio uliostahili kutangulia. Mchuuzi wa nazi pale Kongowea hupokea malipo kwa simu. Ikikwama mteja akiwa mbele yake, emoji mpya hazimfai kitu.

Kwamba inawezekana tumeshaona. Mwaka 2018 Apple iliielekeza iOS 12 kwenye kasi na uthabiti, hata iPhone 5s ya 2013 ikanufaika (simu ya miaka mitano, si haba!). Kampuni hizi zitenge toleo zima, angalau kila baada ya miaka miwili, la kurekebisha hitilafu tu. Nasi wanunuzi, kabla ya kuulizia kamera, tuulize simu itapata marekebisho kwa miaka mingapi.

Msomaji,
Mombasa