Barua ya Wazi kwa Mkuu wa Msitu wa Taifa wa Inyo: Gogo Lililolala Nalo Lilindwe

Mheshimiwa Mkuu wa Msitu,

Nakuandikia kwa sababu ya kijiti kimoja kisichozidi urefu wa kiganja.

Nilikiona Schulman Grove, penye misonobari ya kale, juu ya mita 3,000 katika milima ya White Mountains, California, mkononi mwa mgeni mwenzangu. Alikiokota kando ya njia, akakigeuzageuza, akakitia kwenye mkoba. Nilipomwambia kwamba hairuhusiwi, alinijibu kwa upole kabisa: "Lakini si umeshakufa huu?" Nikakosa la kusema.

Misonobari ya bristlecone ina namna yake ya kufa. Niliposimama mbele ya mmoja, niliona ukanda wa gome mwembamba kama mkanda wa suruali ukipanda upande mmoja wa shina hadi kwenye tawi moja la kijani. Kwingine kote palikuwa pakavu, pamesuguliwa na upepo hadi pakang'aa kama mfupa. Kwenye udongo ule mweupe wa dolomiti, penye baridi na maji haba, mti hukua polepole mno, na mbao zake hushiba utomvu na kukaza. Ukianguka, unaweza kulala hapo maelfu ya miaka bila kuoza.

Hapo ndipo penye hoja yangu. Methuselah, msonobari wa huku ambao mtafiti Edmund Schulman aliupima umri mwaka 1957, umepita miaka 4,800. Lakini wataalamu walipolinganisha pete za miti iliyo hai, ambazo kila moja ni mwaka mmoja wa kukua, na za magogo yaliyolala chini, waliunga kalenda inayorudi nyuma zaidi ya miaka 8,000. Kalenda hiyo ilisaidia kusahihisha vipimo vya radiokaboni, vinavyokadiria umri wa mabaki ya kale, ikabainika kwamba baadhi ya makaburi ya mawe ya Ulaya ni ya kale kuliko piramidi za Misri. Ushahidi wenyewe ulikuwa umelala pale ambapo yeyote angeweza kuukanyaga.

Methuselah hauna kibao cha kuutambulisha, ili usidhuriwe, na naiunga mkono siri hiyo kwa moyo wote. Kilichotokea Wheeler Peak, Nevada, mwaka 1964 kinatosha: bristlecone tunaouita Prometheus ulikatwa kwa utafiti, kwa kibali halali, na pete 4,862 zikahesabiwa baada ya msumeno kumaliza kazi. Waliokata hawakujua walichokuwa nacho mkononi. Mwenzangu wa Schulman Grove naye hakujua.

Kwa hiyo naomba mwanzoni mwa kila njia wageni waelezwe kwa nini kijiti kikavu hakiguswi, wala wasiishie kuambiwa kwamba ni marufuku. Wawekewe kipande cha gogo na kioo cha kukuzia, wajihesabie pete wenyewe. Siku za kiangazi, wageni wanapokuwa wengi, awepo mhifadhi wa kujibu swali kama lile nililoulizwa mimi.

Nilikutana tena na yule mgeni tukirudi, na safari hii maneno nilikuwa nayo. Alisikiliza, akafungua mkoba, akarudi hatua kama hamsini hivi. Alipiga goti, akatafuta alama iliyobaki kwenye changarawe nyeupe, akakilaza kijiti vilevile alivyokikuta.

Wako kwa heshima,
Mgeni wa msitu wako