Risala ya Chama cha Filamu kwa Mgeni wa Heshima

Mheshimiwa mgeni wetu wa heshima, Mwalimu Mkuu, walimu, wazazi na wanafunzi wenzetu, assalaam alaykum na hamjambo.

Kwa niaba ya wanachama wa Chama cha Filamu cha shule yetu, tunakukaribisha nyumbani Mombasa. Wapo waliotuuliza kwa nini tumemwalika mbunifu wa mandhari ya filamu, yaani anayesanifu nyumba, vyumba na mahali pote panapoonekana nyuma ya waigizaji, mtu ambaye sura yake haionekani kwenye filamu hata mara moja, tukamwacha mwigizaji maarufu. Sababu ni aibu iliyotupata mwaka jana.

Tulitengeneza filamu fupi kuhusu familia moja ya Mji wa Kale mwaka 1963. Waigizaji walijua maneno yao barabara, na mwenzetu aliyeigiza bibi akisuka ukili barazani aliwatoa watu machozi. Lakini juu ya paa, nyuma ya kichwa chake, lilionekana dishi la setilaiti, na kando yake tangi jeusi la plastiki. Na ukuta uliopaswa kuwa wa chokaa uling'aa kwa rangi ya mafuta. Majaji waliuliza habari za dishi tu.

Ndipo tulipotaka kujua kazi ya kuhakikisha kila kinachoonekana nyuma ya waigizaji kinafaa ni ya nani. Tulisoma kwamba jina la cheo chako kwa Kiingereza, production designer, lilibuniwa kwa ajili ya William Cameron Menzies, aliyesimamia sura nzima ya filamu ya Gone with the Wind mwaka 1939. Tulisoma pia kwamba Out of Africa, iliyopigwa hapa Kenya, ilipata tuzo ya Oscar ya usanifu wa mandhari mwaka 1986, na tukajiuliza ni maseremala na mafundi rangi wangapi wa Kenya walioshika nyundo na brashi katika kazi ile.

Katika barua yako ulitueleza kwamba mbunifu husoma mswada mara kadhaa kabla ya kugusa penseli, akiandika kando ya kila onyesho ni mahali gani, saa ngapi na nani anaishi humo. Kisha huzunguka akitafuta nyumba, hupima vyumba, huchora, hutengeneza kigezo, yaani mfano mdogo wa jengo, kwa karatasi ngumu, na baada ya hapo hubishana na mwongozaji juu ya rangi na mhasibu juu ya gharama. Lililotugusa zaidi ni maneno yako kuhusu kochi: kwamba kabla ya kulinunua unajiuliza mwenye nyumba alilipata vipi, na limechakaa upande gani. Tangu siku hiyo tumekuwa tukitazama makochi ya jamaa zetu kwa namna isiyo ya adabu sana.

Mheshimiwa, sisi tunapita kila siku kwenye kuta za matumbawe, dari za boriti za mikoko na milango ya nakshi, lakini hatujui kuzichora wala kuzipima. Kwa hiyo tunakuomba utufundishe kutengeneza kigezo, japo kwa siku mbili. Utukumbuke kwa mbao na turubai zinazobaki kazi zako zinapobomolewa. Na uwapokee wanachama wawili wakati wa likizo ya Agosti, wabebe ngazi na kukoroga rangi.

Ni sisi wanachama wa Chama cha Filamu. Ahsante.