Mwanangu, usikubali kuambiwa huna kitu

Mwanangu,

Ulinipigia simu kutoka Kisumu ukasema umepimwa kwa ajili ya kule kutokwa damu nyingi, ukaambiwa huna kitu, ukapewa vidonge vya kuongeza damu. Majibu yale siyakatai. Lakini walichopima ni idadi ya chembe za damu na muda wa damu kuganda, na vipimo hivyo hutoka sawa kwa watu wengi wenye ugonjwa wa von Willebrand usio mkali, yaani ule wa kutokwa damu kupita kiasi. Anayeutafuta lazima aipime protini yenyewe, ile inayozinasisha chembe sahani, zile chembe ndogo za damu zinazoziba jeraha, pale mshipa ulipochanika.

Tena protini hiyo haitulii. Hupanda ukiwa mjamzito, ukiwa na maambukizi, ukiwa na hofu, hata ukikimbizana na matatu asubuhi ya kliniki. Wenye kundi la damu O huwa nayo chini kidogo kwa maumbile. Kwa hiyo kupima mara moja hakutoshi. Hurudiwa siku nyingine, ukiwa mzima na umepumzika.

Mimi nayaamini zaidi yale tuliyoyaona nyumbani. Ulipong'olewa jino ulibadilisha pamba usiku kucha, na asubuhi foronya ilikuwa imeshikana na shavu lako. Siku za hedhi unavaa pedi mbili na kujifunga leso nyeusi. Mama yako alipokuzaa aliongezewa damu. Halafu tunasema ndivyo wanawake wa kwetu walivyo! Neno hilo linaniuma, maana ugonjwa huu hurithiwa, na wanaume pia huupata. Daktari Erik von Willebrand alipouandika mwaka 1926, alianzia kwa msichana mdogo wa visiwa vya Åland, Ufini, aliyekuja kufariki kwa kutokwa damu ya hedhi akiwa na miaka 13.

Yaandike yote hayo kwenye daftari, pamoja na ya mama yako na nyanya yako, kisha uombe barua ya rufaa uende hospitali ya Jaramogi hapo Kisumu au ya Moi kule Eldoret. Taja kipimo kwa jina: faktori ya von Willebrand, ndiyo protini ile niliyokueleza. Maumivu yakizidi usimeze aspirini wala ibuprofeni, huzidisha kuvuja damu. Dawa za kupunguza kuvuja huko zipo, mwanangu, na nyingine ni vidonge tu.

Nauli nitakutumia kwa M-Pesa. Na umwambie kaka yako asing'olewe lile jino kabla majibu yako hayajatoka.

Mamako mdogo,
Kakamega