Tusiwaachie vijana sindano peke yao

Mhariri,

Binti yangu wa miaka 14, mwenye kisukari cha aina ya kwanza, alipoanza kujidunga insulini mwenyewe, nilidhani kazi yangu imekwisha. Baada ya wiki chache nikagundua kwamba shuleni alikuwa hajidungi mchana kwa kuwaonea haya wenzake. Sikumgombeza, kwani nilimwachia mapema mno. Sasa yeye hupima sukari na kujidunga, nami kila jioni hupitia daftari lake pamoja naye na kuhakikisha kwamba chupa ya insulini iliyofunguliwa, ambayo kwa kawaida haipaswi kuzidi siku 28, inakaa kwenye chungu chenye ubaridi, maana joto la Tabora huiharibu. Naomba kliniki zituite wote wawili, kisha zimpe kijana nafasi ya kuzungumza na daktari faraghani.

Mzazi,
Tabora